Uso wa Zefania Juu ya Mawingu

Mume wangu Zefania yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu hapa Gaithersburg wapo watu, tena wa kanisani, wanaonisalimia kwa ile sauti ya chini ya kumsalimia mjane, na mwenyewe amesimama kando yangu amebeba mfuko wa viazi. Nimekasirika mpaka nimechoka. Acha nieleze mara moja, halafu anayetaka kuendelea kunipa pole atajijua.

Zefania ni mtu wa Ahero. Huko kazi yake ilikuwa kuchora kuta: vichwa vya wanaume kwa vinyozi, ng'ombe kwenye bucha, samaki wa kukaanga kwenye hoteli, mpaka watoto wa shule walimjua kwa jina. Alikuja Marekani kusoma, masomo yakakwama njiani, akabaki. Sasa ni miaka kumi na sita. Anafanya kazi ya usiku kwenye kiwanda kinachofua shuka za hospitali, kando ya barabara kuu ya 270. Anarudi asubuhi ananuka dawa ya kufulia, analala, anaamka saa tisa mchana, anakunywa chai, anachora. Mimi nahudumia wakongwe kwenye nyumba ya wazee, zamu ya mchana. Tunapishana mlangoni siku nyingi, na nisiseme uongo, ndoa yetu imezoea hivyo.

Watu wetu wanamjua kwa programu za mazishi. Mkenya akifariki hapa Maryland, kabla hata jamaa hawajakubaliana wakutane nyumbani kwa nani, tangazo lake linaanza kuruka kwenye WhatsApp: uso wa marehemu, mawingu chini yake, mshumaa pembeni, na jina. Wengine huyatoa mawingu kwenye kompyuta. Zefania huyachora kwa mkono, kwa penseli na rangi ya maji, manene, yenye kivuli cha samawati kwa chini. Sijui aliyatia nini, lakini watu walianza kuyaomba. Kutoka hapa mpaka Bowie, ukiona uso wa mtu umekaa juu ya mawingu ya Zefania, huulizi kuna nini. Unauliza matanga ni kwa nani.

Basi huko Bowie tukamzika dada mmoja aliyekuwa karani wa serikali, na kati ya wafanyakazi wenzake alikuwepo Mmarekani mweusi anayeitwa Jahi. Ibada nzima aliishika ile programu mkononi, hakuimba, hakusimama tuliposimama. Mwishoni akanijia na kuniamkia shikamoo mama. Nilimtazama zile ndevu nyeupe, nikamuuliza kati yangu na yeye nani ampe mwenzake shikamoo. Akacheka vizuri tu. Alijifunza Kiswahili chuoni, na anakiongea kama msomaji wa taarifa ya habari, kila neno limepigwa pasi. Siku za kazi yuko ofisini, na Jumamosi anapiga gitaa kwenye bendi ya roki na wenzake watatu wa Columbia. Bendi inaitwa Kisima Kikavu. Walikuwa wanatoa albamu kwenye santuri, zile sahani kubwa za zamani ambazo vijana wamezirudia, na walitaka jalada lililochorwa kwa mkono.

Alimweleza Zefania nyimbo zake zinahusu nini. Mtu anashuka ndani ya kifua chake mwenyewe, anakuta nyumba, na nyumba imejaa maji. Alitaka picha ya ndoto, tena ndoto mbaya. Kisha akaweka kidole juu ya uso wa marehemu wetu, chini kidogo. "Nataka mawingu haya haya," akasema.

Hapo ndipo ningesema hapana. Lakini ungemwona Zefania siku ile njiani kurudi nyumbani! Aliipita njia ya kutokea barabara kuu, tukafika mbali kabla hajagundua. Miaka yote aliyokaa nchi hii, kila mtu aliyemwomba picha alikuwa analia. Huyu ndiye wa kwanza kumwomba picha ambayo ndani yake hakuna aliyekufa.

Alichora miezi miwili kwenye meza ya jikoni, tukawa tunakula tumepakata sahani. Katikati aliweka mwanamume aliyevaa suti, anaelea, macho yamefumbwa. Kifua chake ni kabati lenye milango miwili, milango iko wazi, ndani kuna ngazi zinazoshuka kwenye chumba kilichofurika, na viti vinaelea huko chini, viti vingi, vile vya plastiki tunavyovikodi misibani. Kuna ndege wenye mikono ya watu mahali pa miguu. Mbinguni hakuna mwezi, kuna sikio. Chini ya yote ni mawingu yake. Pembeni kulia ndege mmoja ameshika mshumaa, na hilo Jahi hakuliomba. Nilipomuuliza Zefania, alishangaa, akasema mkono umezoea.

Na uso. Alihitaji uso, hakuna wa kumkalia masaa yote hayo, akang'oa kioo cha bafuni akakiegemeza kwenye mtungi wa unga. Akajichora yeye mwenyewe.

Nilipouona ule uso umemalizika, nilirudi nyuma hatua moja. Ulikuwa yeye kabisa, mpaka kovu la nyusi, na ulikuwa umetulia kwa namna ambayo nimeiona kazini mara nyingi, na huwa siipendi. Nilimwambia aufute, aweke wa mtu mwingine, hata wa huyo Jahi. Akanicheka. "Awino, hii ni roki," akasema. "Roki haizikwi." Wiki ile nzima nilikuwa nikipita jikoni nafunika karatasi kwa kitambaa cha meza, yeye anafunua, mimi nafunika.

Sasa sikia ujinga wangu. Alhamisi moja ya mwezi wa sita niliamka saa kumi na moja na nusu, yeye hajarudi kutoka kazini. Picha ilikuwa mezani, imekauka, imekwisha, mwanga wa dirishani umeiangukia. Ile hofu yangu yote ikaniondoka, nikaona fahari tupu. Mume wangu huyu anayefua shuka za watu, tazama alichofanya! Nikaipiga picha kwa simu, nikaiweka kwenye wasifu wangu wa WhatsApp na kwenye status. Chini Zefania alikuwa ameacha nafasi tupu ya jina la bendi. Nilitaka kuandika maneno mawili matatu, nikaona saa imekwenda, nikasema nitaandika wakati wa mapumziko.

Kazini kwetu simu zinafungiwa kwenye makabati ya wafanyakazi. Siku ile wenzetu wawili hawakufika, kwa hiyo mapumziko hayakuwepo. Zefania alirudi saa mbili, akazima simu yake kama kila siku, akalala. Na huku nyuma, uso wake umekaa juu ya mawingu yale, pamoja na mshumaa, bila neno hata moja, na aliyeuweka ni mke wake.

Walinipigia, sikushika. Wakampigia yeye, simu imezimwa. Wewe ungeelewa nini? Siwalaumu, ingawa siku ile niliwatukana wote. Wengine waliona hata vile viti vinavyoelea, wakasema Zefania alijichorea mapema, alijua anakwenda.

Saa tisa alasiri Ghati, Mkuria mmoja ninayefanya naye kazi, akaja akiwa na nguo za nyumbani, na siku ile hakuwa na zamu. Alinikuta nikimbadilishia bibi mmoja soksi. Alinivuta kwenye korido akanikumbatia. Nikajua kuna msiba, nikadhani ni mama yangu. Nikamuuliza ni nani. "Zefania," akasema.

Acha nikwambie, mimi nimekuwa mjane. Ilikuwa dakika ishirini na tano, kutoka kazini mpaka nyumbani, kwenye gari la Ghati, bado nimevaa glavu. Nilimuuliza imekuwaje, akasema hajui, si wewe ndiye uliyetangaza? Sikuelewa anasema nini na sikuwa na nguvu ya kuelewa. Nilikuwa nahesabu mambo ya kipuuzi, ati asubuhi sikumwachia chai.

Nyumbani magari yamejaa barabara yote. Kipngetich, mwenyekiti wa ushirika wetu, ndiye aliyetangulia na viti na kreti za soda, akabisha, na aliyemfungulia mlango ni marehemu, amevaa kaptula. Naambiwa Kipngetich hakupiga kelele. Aliweka kreti chini polepole, akakaa juu yake. Mimi nilipoingia niliwakuta kina mama wameketi ukutani na vyakula mapajani, na mume wangu katikati yao. Nilimpiga. Nilimpiga mabegani kwa mikono yote miwili mpaka Ghati akanishika, ndipo nikalia. Kisha nikafungua simu yangu, nikaona jumbe mia tatu na kitu, nikaona na picha, nikajua ni nani aliyemuua.

Watu walianza kucheka kidogo, ule mcheko wa kushukuru. Zefania hakucheka. Alisimama ghafla.

"Mama," akasema.

Ahero ilikuwa karibu saa sita usiku. Baba mdogo wake alipokea simu analia, akasikia sauti ya Zefania, akakata. Tulipiga mara nne. Mara ya tano akapokea kwa picha, akamwona, akamgusa kwenye kioo cha simu, akaamini. Akasema mama ameambiwa tangu alasiri. Hakupiga mayowe. Aliomba avuliwe viatu, akakaa chini, na mpaka saa ile alikuwa amekaa. Zefania akasema mpe simu upesi, mpe, tumalize hili jambo sasa hivi.

Mama mkwe wangu haoni. Presha ya macho ilimmaliza miaka sita iliyopita, kwa hiyo picha si kitu kwake. Alipewa sauti, nasi tukaweka spika. Zefania akamwita, akasema Mama ni mimi, niko hai, ni picha tu, watu wamekosea. Mama akaongea taratibu, kwa adabu, kama anaongea na mgeni wa heshima.

"Asante kwa kupiga. Na Solomon pia alinipigia."

Zefania alikaa tena. Kina mama hawakuelewa, lakini mimi nilielewa, maana nilikuwepo.

Solomon alikuwa mdogo wake wa mwisho. Miaka mitatu iliyopita pikipiki ilimwangusha Kisumu, akafa palepale. Nanyi mnajua tulivyo. Mzazi mzee haambiwi hivihivi. Kwanza anaambiwa mtoto ameumia kidogo, halafu amelazwa, halafu hali si nzuri, na huku jamaa wanakusanyika na daktari wake anatafutwa akae karibu, ndipo siku moja anaambiwa mbele ya mchungaji. Kila mtu hufanya hivyo, na hufanya kwa upendo. Kwa mama ilichukua siku tisa. Siku ya nne alikataa kula, akasema anataka kumsikia Solomon mwenyewe. Sauti za ndugu hawa wawili zilikuwa moja, hata mimi nilikuwa nachanganya. Ndugu wote wakamgeukia Zefania. Akaingia chumbani kwetu, akafunga mlango, akampigia mama yake. Alijiita Solomon, akamwambia nimekunywa uji, maumivu yamepungua, usilie. Mama alikula siku ile. Siku tano baadaye wakamwambia.

Hakuna aliyewahi kumwambia ile sauti ilikuwa ya nani. Sasa Zefania, mbele ya mwenyekiti na kina mama na soda zao, alikiri. Alisema Mama, nisamehe, siku ile ilikuwa mimi, nilijifanya Solomon kwa sababu ulikuwa huli. Alidhani ukweli utamfungulia mlango.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kama Zefania aliweza kuwa Solomon," akasema, "basi na wewe umeweza kuwa Zefania. Mwambie baba mdogo nitakula kesho. Asihangaike kuwatafuta watu wa kunipigia."

Siku zilizofuata tulijaribu kila kitu. Zefania alimtajia mambo ya utotoni, siku aliyoanguka kisimani, wimbo wa kuwafukuza ndege mpungani. Akajibiwa kwamba Zefania alikuwa na mke, na mume humwambia mkewe mambo. Nikaongea mimi. Alinifariji mpaka nikashindwa kuendelea, aliniita binti yangu, akaniambia nisikae peke yangu. Wakamletea mchungaji. Akasema mchungaji hata siku ya Solomon alikuwepo. Kila tulivyozidi kuapa, ndivyo alivyozidi kutuona tuko palepale, siku ya nne, tunamlisha uongo ili ale.

Alitaka jambo moja tu, na lilikuwa la haki. "Aje nimshike kichwa," akamwambia baba mdogo. "Kichwa cha mtoto wangu nakijua."

Na hapo ndipo tumefungwa. Karatasi zetu bado ziko serikalini, faili moja, mume na mke. Kibali cha kufanya kazi tunacho, cha kutoka na kurudi hatuna. Wakili alituambia wazi kwamba Zefania akipanda ndege, asitegemee kurudi, na faili la wote wawili huenda likafia hapo. Usiku wa tatu baada ya siku ile Zefania aliliteremsha sanduku kutoka kabatini. Asubuhi nilitoa nguo zote, nikazirudisha kwenye hanga. Akazipanga tena. Nikazitoa tena. Nilimwambia mimi hapa sina mwingine, akienda ananiacha nchi ya watu peke yangu. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia. Akalirudisha sanduku juu, na mpaka leo hajanilaumu hata kwa neno moja. Heri angenilaumu. Mimi ndiye niliyeiweka ile picha, na mimi ndiye niliyemzuia asiende kuifuta.

Jahi alisikia, akaja mbio kutoka Columbia, na safari hii Kiswahili chake kilikuwa kinakatika. Alisema watatafuta jalada jingine, hata wakichelewa. Zefania alimwambia watumie hilohilo, picha haina kosa. Albamu ilitoka mwezi wa kumi. Nasikia kuna maduka ya Washington yameiweka dirishani. Jahi alituletea tano, nimezigeuza zote zitazame ukuta. Kanisani hawamwombi tena programu. Hakuna aliyesema kitu, ila msiba ukitokea, mawingu sasa yanatoka kwenye kompyuta, na watoto wa Sunday school wakimwona anakuja wanahamia upande wa pili wa ukumbi.

Mwezi wa nane mama alipanda maua mahali alipomchagulia Zefania, kando ya kaburi la Solomon. Hakudai mwili. Alisema anajua Marekani ni mbali.

Lakini Zefania hakuacha kumpigia. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, kule ni jioni, anakaa kwenye meza ya jikoni na kuweka simu kwenye spika. Wiki za kwanza alikuwa anabishana naye. Halafu akawa anabishana kidogo tu. Halafu, sijui ni Jumamosi ipi, sikumsikia tena akisema Mama ni mimi. Na mama mkwe akaanza kuzisubiri hizo simu, baba mdogo anasema huoga kabisa. Humwita kijana wangu. Humhadithia habari za mwanawe Zefania: alivyochora kuku kwa mkaa kwenye mlango wa choo cha shule, alivyopigwa, alivyochora tena. Mume wangu anasikiliza. Anasema ehe. Anasema pole, Mama. Wakati mwingine mama anakosea jambo, anasema alikuwa jogoo, kumbe alikuwa mtetea, na namwona Zefania anafungua mdomo halafu anaufunga.

Jumamosi iliyopita alikuwa mchangamfu. Mvua imenyesha, magoti hayamuumi. Alimshukuru kwa kutomsahau, akasema si wengi wanaoweza kumpigia mtu asiye wao kila wiki, na kwamba sauti yake inamliwaza kwa vile inafanana. Kisha akauliza jambo ambalo hajawahi kuuliza.

"Na wewe, kijana wangu, mama yako yuko hai?"

Nilikuwa naosha vyombo, nikafunga maji. Zefania alinitazama.

"Yuko hai," akasema.

"Basi unapoteza muda na mimi," mama akamwambia. "Mpigie."